Panya Wawili na Stoo Yenye Mlango

Jumatano, 5 Machi

Habari njema. Njema mno hata nimeshindwa kula. Mdogo wangu Chiriku (tunamwita hivyo kwa sababu huanza kuongea jicho moja likiwa bado limefumbwa) atapewa panya. Panya wawili wa kufuga, weupe wenye madoa ya kahawia. Mwalimu wake wa sayansi anafuga panya darasani, panya wamezaa, na watoto wanatafutiwa makao.

Baba amekubali. Baba ni karani wa mahakama. Mchana kutwa huandika wanayosema wengine, kwa hiyo akifika nyumbani anakuwa hakimu yeye. Alisikiliza ombi la Chiriku akiwa amefumba macho, akagonga meza kwa kijiko, akatamka kwamba ombi limekubaliwa kwa masharti. Mwalimu atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kukagua makao. Yakimridhisha, panya wanabaki. Yasipomridhisha, wanakwenda kwa binti wa daktari wa meno, anayekaa dawati moja na Chiriku na ambaye tayari ameanza kuwachagulia majina. Chiriku akaapa kwamba panya wale wakienda kwa yule binti, yeye shule basi, hadi azeeke.

Ndipo Mama akauliza swali lililobadilisha maisha yangu: watakaa wapi? Na Baba, bila kufikiri, akajibu: stoo.

Stoo! Stoo ina mlango!

Nieleze. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja cha Baba na Mama, kingine cha Shangazi na Chiriku. Mimi nalala sebuleni, kwenye kochi. Mtu mwenye haya hafai kulala sebuleni. Fundi bomba wa ghorofa ya chini, ambaye televisheni yake imekufa, huja kila jioni kutazama taarifa ya habari, na hukaa juu ya mto wangu. Sijawahi kumwambia. Nalalia mto wenye umbo la fundi bomba. Asubuhi wateja wa Shangazi huja kupimwa nguo mimi ningali ndani ya shuka, na inanibidi niwaamkie nimejifunika mpaka puani. Shangazi ananiita Konokono. Hajui kwamba konokono ananishinda: mwenzangu ana chumba.

Sasa basi. Panya watahitaji stoo. Stoo yenye panya itahitaji mlinzi. Mlinzi atahitaji kulala hukohuko. Nimekwishapanga.

Tatizo ni moja. Shangazi ni mshonaji, na cherehani yake iko ukumbini, mahali pa kupishana. Stoo ilipotajwa alimeza tonge bila kutafuna. Nilimwona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima kitabu cha ufugaji wa panya kwenye maktaba ya shule. Kimeandikwa kwa lugha ya shuleni. Shuleni tunasema ile, nyumbani tunasema hii. Mimi nanyamaza kwa zote mbili, lakini kusoma nasoma. Hapa kwetu ni mimi peke yangu niwezaye kukimaliza kitabu kile. Baba husema hata yeye anaweza. Hawezi, ila hawezi kusema kwamba hawezi. Fursa hiyo!

Baada ya chakula Baba akaitisha kikao. Nikasimama na kitabu. Nikatafsiri.

Kitabu kinasema panya ni wanyama wa jamii, hupenda kuwa pale watu walipo. Nikatafsiri kwamba panya ni wanyama wa heshima, hawapendi makelele. Kitabu kinasema wasitengwe katika chumba cha peke yao. Nikatafsiri kwamba chumba chao kiwe cha peke yao, tena chenye mlango. Halafu kuna aya nzima kuhusu kuwatoa kizimbani kila siku wacheze na familia. Hapo nilikwama kidogo, kisha nikasoma kwa sauti thabiti kwamba alale nao kijana mmoja, asiyepungua miaka kumi na mitano, mtaratibu, asiyekoroma.

Baba akaitikia kwa kichwa, akasema ndivyo hasa, aliwahi kuyasoma mahali. Shangazi akauliza mbona mistari ni mitatu na maneno yanayotoka ni kapu zima. Nikamjibu kwamba lugha ile hubana maneno. Akaniambia basi na mimi nibane yangu.

Chiriku alikuwa anachungulia kupitia kwapani mwangu. Akaonyesha picha: panya amekaa begani mwa bibi mmoja, na pembeni watu wanakunywa chai. Akauliza, na hawa je? Nikamwambia hapo panya anaaga, ndiyo anapelekwa chumbani kwake. Akaridhika.

Ijumaa, 7 Machi

Hukumu imetoka! Baba alisimama kabisa kuisoma. Stoo ni ya panya. Mlinzi ni mimi, na nitahamia huko ili nipazoee kabla ya wenyewe kufika. Kizimba nitatengeneza mwenyewe, kwa kuwa kijana hukomaa kwa mikono yake.

Shangazi akakata rufaa papo hapo. Kwetu rufaa huenda kwa Mama. Mama ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu, miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto. Akasema hana ugomvi na panya wala na cherehani, anachotaka ni stoo isafishwe kwanza, tujue kama ina sakafu.

Nimeshinda. Nimelala na tabasamu hadi taya zikauma.

Jumamosi, 8 Machi

Stoo ina sakafu. Imethibitishwa leo alasiri. Vilivyotoka: feni isiyo na mapanga, masanduku yasiyo na mipini, kiatu cha harusi cha Baba (cha kushoto), makopo ya rangi, na kitanda cha kitoto alicholalia Chiriku, chenye fito pande zote. Vyote isipokuwa hicho kitanda na kopo moja la rangi nimevipanga juu ya kitanda cha Shangazi, kwa muda tu. Akauliza muda huo unaishia lini. Nikajifanya sikusikia. Hiki ndicho kipaji changu.

Kitanda cha kitoto! Kizimba hicho tayari, kinasubiri panya tu. Nikakizungushia waya wa kuku. Nikakipaka rangi ya buluu iliyobaki. Nikamwaga ndani gunia zima la maranda kutoka kwa seremala wa hapo mtaani. Maranda yenyewe sikuyaomba kwa mdomo. Nilisimama karibu na gunia mpaka seremala akaelewa.

Kisha nikatandika godoro pembeni, nikafunga mlango, nikakaa gizani, maana dirisha hakuna. Nikavuta harufu ya rangi na ya uhuru. Kichwa kilianza kuuma, lakini kuuma kwa raha. Chiriku akabisha hodi. Mtu amebisha hodi kwangu! Sikuitika. Nilimwacha abishe tena, nisikie vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Baba amemwomba fundi bomba atoe maoni ya kitaalamu kuhusu kizimba. Bomba na kizimba wapi na wapi? Fundi akatia kidole gumba kwenye tundu la waya. Kikapita. Akaongeza cha pili. Vikapita vyote. Akasema kwamba panya wa mitaroni anawajua, na panya habanwi na kiuno: kichwa kikishapita, mwili mzima umepita. Shangazi akadakia kwamba hata wageni wengine wako hivyohivyo. Mama akamtazama, akacheka hadi akashika ukuta. Shangazi alikuja kututembelea kwa wiki moja, mimi nikiwa darasa la tano.

Nimezungusha waya wa pili juu ya ule wa kwanza, matundu yapishane. Nikaongeza wa tatu. Sasa huoni ndani hata ukitaka. Chiriku akauliza atawaonaje panya wake. Nikamwambia atawasikia.

Jumatatu, 10 Machi

Hujuma! Nimerudi shuleni, nikafungua mlango WANGU, nikakuta cherehani. Juu ya godoro langu mapazia ya mteja na suruali yenye mguu mmoja. Katikati ya yote hayo, Shangazi, amevaa miwani, pini mdomoni.

Akanieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba usiku hakulala kwa kuwafikiria hao wanyama maskini. Mlinzi wao mchana yuko shuleni. Nani atakaa nao? Mtu mzima, mwenye kazi ya kukaa. Tena mlio wa cherehani huwatuliza panya, huwakumbusha mama yao akitafuna. Nikamuuliza hayo ameyasoma wapi. Akatoa pini mdomoni, akasema, “Kwenye kitabu chako hichohicho, Konokono. Ule ukurasa uliouruka.”

Loo! Amejua? Hajui? Nikatoka kinyumenyume.

Baba ameahirisha shauri, anasema pande zote mbili zina hoja. Leo nalala kichwa kikiwa chini ya meza ya cherehani na miguu imeegemea kizimba. Hata hivyo mlango umefungwa. Sijuti.

Jumatano, 12 Machi

Chiriku amerudi analia. Binti wa daktari wa meno amemwambia kwamba panya wakifungiwa mbali na watu husononeka, wakagoma kula, wakafa. Na kwamba kwao panya watakaa sebuleni. Chiriku akambishia mbele ya darasa. Akamwambia kaka yake amesoma kitabu kizima, na kaka yake hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Si ajabu. Nimesema machache mno.

Akaniomba nimsomee tena ule ukurasa. Akakaa ubavuni kwangu, kidole chake kikifuata mistari, maana mwaka huu ndiyo wameanza kufundishwa ile lugha. Nikasoma tena. Wanyama wa heshima. Chumba cha peke yao. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Kidole chake kilisimama mahali fulani, kikangoja, kisha kikaendelea. Akapangusa machozi, akasema kesho atamkomesha yule binti. Akanipa nusu ya yai lake la kuchemsha.

Nimelila. Limekwama hapa kifuani mpaka sasa.

Nimewaza kumwambia ukweli. Nikawaza pia mlango. Nimeamua nilitafakari jambo hili kwa kina, nitoe jibu Jumatatu. Ukaguzi ni Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Mwalimu amekuja. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, mkononi sanduku dogo lenye matundu. Ndani ya sanduku kitu kinakwaruza. Chiriku alikuwa amevaa gauni lake la sherehe tangu asubuhi na alikataa kukaa asije akalikunja.

Baba akaanza hotuba ya kufungua kikao. Mwalimu akauliza ni wapi. Tukaongozana hadi stoo, familia nzima, kwa foleni. Mwalimu akafungua mlango, akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akauliza dirisha liko upande gani. Akakwangua ile rangi ya buluu kwa ukucha, akasema panya hutafuna kila kitu, na wakiitafuna hii hawatafika mbali. Akachota maranda, akayapuliza, vumbi likatanda mpaka Shangazi akapotea. Akasema mapafu ya panya hayawezi vumbi hili. Kisha akauangalia ule waya wa tabaka tatu, akauliza kama tulikuwa tunategemea chui. Mwisho akauliza nani aliyetuambia panya wafungiwe chumba chao peke yao.

Macho yote kwangu. Baba akasema yamo kitabuni. Mwalimu akasema kitabu kile anakifahamu vizuri, na kinasema kinyume chake kabisa.

Hapo nikanyamaza kwa lugha zote mbili.

Mwalimu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema taratibu kwamba mtoto hana kosa, labda mwaka mwingine, akakibana kifuniko cha sanduku. Nikamtazama Chiriku. Nilitegemea kilio cha kuita majirani. Hakulia. Hakusema kitu. Chiriku! Alisimama na gauni lake, mdomo umefumbwa, ananitazama mimi tu. Nikaona alivyofanana na mimi. Sikupenda.

Mtu akasema, “Waje sebuleni.”

Watu wakageuka kumtafuta msemaji. Nilikuwa mimi. Basi nikaendelea, kwa kuwa kunyamaza hapo kungekuwa aibu zaidi. Nikasema kati ya kochi na ukuta pana nafasi, ndipo ninapoweka nguo zangu, nitazitoa. Jua kali halifiki. Watu hawakauki, tangu wateja wa asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku. Panya hawatakosa mtu hata dakika moja, mimi nimejaribu miaka yote kumkosa mtu pale nimeshindwa. Maranda yatupwe, Shangazi ana mabaki ya vitambaa mfuko mzima, watalalia hayo. Ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Katikati sauti ilikatika ikawa ya kifaranga. Nikaimalizia hivyohivyo.

Baba akataka ufafanuzi kuhusu kitabu. Nikasema kurasa zilikuwa zimegandana. Baba akapokea ushahidi huo. Mama alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amekunywa dawa.

Mwalimu akaenda sebuleni, akainama, akapapasa ukuta. Akasema ana kizimba cha chuma cha kutuazima mpaka tupate chetu. Akauliza nani atazungumza nao kila siku waizoee sauti yake. Chiriku akaruka: mimi! Mwalimu akasema ni sawa, lakini awepo na wa pili, mwenye sauti ya chini. Macho yote yakanirudia.

Sanduku likafunguliwa. Wadogo kama mayai yenye mikia. Wote majike, la sivyo, alisema Mwalimu, tungefungua kiwanda. Chiriku amewaita Kijiko na Uma. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza hadi usingizi ulipomkata katikati ya neno.

Chai ya Mwalimu haijapoa, Shangazi alikuwa amekwishanirudishia godoro langu. Amebaki stoo na cherehani yake. Amefunga mlango. Kwa ndani.

Jumapili, 16 Machi

Maajabu! Fundi bomba alikuja jioni, akajiweka juu ya mto wangu kama kawaida, akanyoosha miguu. Chiriku alikuwa amemtoa Uma kwa mazoezi. Uma akapanda kochi, akapanda mkono wa fundi, akafika shingoni, akamnusa sikio. Mwanamume mzima, anayeingiza mkono kwenye mitaro ya watu bila kukunja uso! Alipiga yowe, akaondoka na kiatu kimoja.

Wateja wa Shangazi nao wakachungulia mlangoni, wakaomba wapimwe hukohuko stoo. Sebule ikabaki tupu. Kimya. Nimelala kwenye mto wenye umbo langu mwenyewe.

Kumbe! Ukitazama vizuri, huu ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Nilikuwa sijauelewa tu.

Jumatano, 19 Machi

Fundi bomba amerudi, amebeba mabomba ya plastiki. Anasema tangu Jumapili hajatulia. Ule mnuso wa sikioni umemgusa. Hajawahi kuaminiwa hivyo na mtu. Amewajengea Kijiko na Uma njia za chini kwa chini, zenye kona na viungo, kutoka kizimbani hadi nyuma ya televisheni, na amekuja na wanafunzi wake wa ufundi kumsaidia kuunga. Binti wa daktari wa meno naye akaja, na baba yake. Daktari akamkagua Kijiko kinywa, akasema ni mgonjwa wa kwanza anayemheshimu. Wenzake Chiriku wako mlangoni, wanaingia kwa zamu. Kochi limejaa, na mikono ya kochi pia.

Naandika haya bafuni. Kuna mtu anabisha hodi. Haipendezi kama nilivyokuwa nadhani.

Wakishaondoka wote, nazungumza na panya, ni wajibu. Nawaeleza siku ilivyokwenda. Uma huingia kwenye mkono wa sweta yangu, akatoa pua tu. Hanijibu. Ni mtu mwenye busara.

Ijumaa, 28 Machi

Habari njema. Njema mno!

Shule yetu inafunga kesho, na mtunza maabara ametangaza mbele ya shule nzima kwamba anatafuta familia ya kumtunza nyoka wakati wa likizo. Nyoka wa maabara, hana sumu, mpole, urefu kama mkono wa mtu mzima. Anahitaji chumba kidogo chenye joto na giza. Kisicho na dirisha. Kisicho na kelele. Chenye mlango unaofungika sawasawa!

Nilipata kizunguzungu. Ni stoo yetu kabisa, kama vile nyoka ameiona. Na safari hii sina haja ya kutafsiri neno hata moja, ukweli wenyewe unatosha. Mshonaji gani atakubali kushona na nyoka? Shangazi atarudisha cherehani yake ukumbini kabla hajaambiwa. Mlinzi atahitajika. Nyoka haji na wanafunzi wa ufundi, hachezi na watoto wa watu, hakai juu ya mto wa mtu. Tutaelewana.

Baba hana shida, nitampa hoja. Kwa Mama nitamtuma Chiriku, lakini kwanza nimfanye aamini kwamba wazo ni lake.

Baada ya vipindi nilikwenda maabara, nikasimama karibu na tangi la nyoka mpaka mtunza maabara akaelewa. Alifurahi sana, akasema kesho atatuletea mwenyewe hadi mlangoni. Akanieleza kwamba sitapata usumbufu wowote, mnyama huyu hana makuu, anakula mara moja tu kwa wiki. Akauliza kama nina swali.

Anakula nini, sikuuliza. Sipendi kusumbua watu.